Zamu za mimbari, Septemba (kikundi cha Wazee wa Usharika, Moshi)

Katibu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Likizo ya Mchungaji inaanza Jumatatu, siku 28, kwa hiyo Jumapili nne hatuko naye. Mkuu wa jimbo ana taarifa. Tupange zamu leo.

Mama Neema: Amina. Mzee Massawe achukue ya kwanza, Mwinjilisti ya pili, mambo yaishe 😀

Mwinjilisti: Majina ni kazi ndogo, Mama. Tuanze na yale ambayo mzee wa kanisa hafanyi. Chakula cha Bwana na ubatizo vinamsubiri mchungaji. Tumwombe wa usharika jirani aje Jumapili ya tatu tu, tuweke vyote siku hiyo. Tukimwita mara mbili, kwake nako kunabaki wazi. Mtoto akiwa mahututi ni habari nyingine: Mkristo yeyote anambatiza kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha taarifa iletwe ofisini iandikwe kitabuni.

Mama Neema: Na msiba ukitokea?

Mwinjilisti: Naongoza mimi. Ila familia wasitangaze saa ya mazishi kabla ya kunipigia.

Katibu: Matangazo ya ndoa nayo. Yanasomwa Jumapili tatu mfululizo, na sheria inataka notisi ya siku 21. Msomaji akiruka Jumapili moja, arusi inasogea na watu wameshalipia ukumbi. Karatasi nitaibana mbele kabisa ya faili la matangazo. Isomwe ibada zote mbili.

Mzee Massawe: Aika Katibu. Sasa somo la kuhubiri, kila mtu anachagua lake?

Mwinjilisti: Hapana Mzee wangu, tunafuata kalenda ya kanisa. Tukiachiana uhuru, Jumapili zote nne zitakuwa Mwana Mpotevu na utoaji. Soma sura nzima, siyo ile mistari peke yake, ujue nani anamwambia nani. Shika jambo moja. Ukurasa wa A4 wa mwandiko wa mkono unakwenda kama dakika tatu au nne kwa utulivu, kwa hiyo kurasa tano zinakutosha dakika 20. Isome kwa sauti nyumbani, saa iko mezani. Ukiisoma kimyakimya utadanganyika, macho yanakimbia kuliko mdomo.

Mwl. wa Kwaya: Somo na wazo kuu tuyapate hapa Alhamisi jioni. Tukiletewa Jumamosi usiku, kwaya inaimba ya msiba kwenye somo la shukrani.

Mwinjilisti: Sawa kabisa. Nawe Mwalimu, kwaya tatu nyimbo mbilimbili ni nusu saa. Ibada ya kwanza inaanza saa 1:00, ya pili 3:30, na katikati kuna mnada wa sadaka za ndizi na mayai. Wimbo mmoja kila kwaya.

Mwl. wa Kwaya: Vijana watanuna 😅 ila sawa.

Mwinjilisti: Anayehubiri asiongoze liturujia. Akishika vyote viwili, hakuna wa kumwonyesha saa. Na suala la kiwanja lisipandishwe mimbarini, lina kikao chake.

Mama Neema: Hapo umesema.

Katibu: Jumapili ya nne ni sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Watoto wanasoma masomo na kuimba, mahubiri dakika 10. Nampendekeza Mama Neema, watoto wanamzoea.

Mama Neema: Nimekubali. Wasomaji nawapanga wiki mbili kabla, wale wa darasa la tatu wanahitaji kulirudia jina kama Nebukadreza.

Mzee Massawe: Mimi ya kwanza. Nikiugua?

Mwinjilisti: Wa Jumapili inayofuata ndiye akiba yako, kwa hiyo aanze kulisoma somo lako pia. Akiba yako ni mimi. Mtaani kwangu kule juu, kwenye tawi la usharika, siku hiyo ataongoza mzee wa zamu.

Katibu: Ya tatu ni ya mchungaji mgeni. Mama Neema, vikombe vioshwe Jumamosi, na divai uiangalie Ijumaa. Ikipungua, duka la vitabu vya kanisa mjini tunakoinunua wanafunga mapema Jumamosi.

Mama Neema: Ufunguo wa kabati anao nani?

Katibu: Mchungaji. Nakwenda kumwomba kesho asubuhi kabla hajasafiri nao.