Tupeane uzoefu: sandwichi ya nyama ya oveni na mchuzi wake wa kuchovea, wewe nyumbani ulifanyaje?

Mla Makombo (Illinois), mwanzisha uzi

Wakuu nawasalimu, wakubwa shikamooni.

Mimi nipo pembeni ya Chicago mwaka wa sita sasa, napiga shifti ya usiku kwenye ghala. Siku moja tumetoka ovataimu saa tano asubuhi njaa inauma, jamaa mmoja Mmexico akanivuta kibandani tukale Italian beef, ile sandwichi yao ya nyama ya ng'ombe na mchuzi. Nafika dirishani dada ananiuliza unataka kavu, ya kumwagiwa au ya kuzamishwa? Mi nikajibu la mwisho nililosikia. Basi akashika mkate mzima na nyama yake ndani kwa koleo, akautumbukiza kwenye sufuria la mchuzi, akautoa unachuruzika akaufunga kwenye karatasi. Wenyeji wanakula viwiko juu ya kaunta, miguu wameirudisha nyuma, tumbo liko mbali, ili kinachodondoka kidondokee kwenye karatasi. Mimi nikala nimesimama wima kama niko mstarini shule ya msingi, mchuzi ukanishuka mpaka ndani ya mkono wa jaketi. Ila utamu wake wakuu, siwezi kusema.

Nikajisemea hii naipika mwenyewe. Nikanunua paja la ng'ombe ratili tatu, kama kilo moja na theluthi hivi, nikaweka oveni nyuzi 400 za Farenhaiti saa nzima na nusu maana sisi tumelelewa nyama lazima iive. Imetoka ngumu kama soli ya kandambili. Nikakata vipande vinene vya mshikaki, nikaona havitafuniki, nikavirudisha kwenye mchuzi vichemke vilainike, ndo nikaua kabisa. Na mchuzi wenyewe nilishaweka kyubu tatu za supu halafu nikaongeza chumvi juu. Wife akaonja, akaniangalia, akaenda kukaanga mayai bila kusema neno.

Sasa leteni uzoefu. Kipande gani cha nyama, mkate gani, mchuzi mnautoa wapi, na nyie wa Bongo msio na oveni mnafanyaje?

Kambi Popote

Nimekaa hapa kwenye kigoda nasubiri wajuzi.

Mzee wa Supu (Morogoro)

Sasa hiyo si supu na chapati tu wakuu? Mnaenda kuzungushwa Marekani mlipie dola kwa kitu mama ntilie anakupa saa moja asubuhi na ndimu na pilipili juu. Anyway endeleeni.

Jikoni Nyuma (California)

Mzee wa Supu umechekesha lakini hujakosea, wazo ni lilelile, mkate mkavu ukutane na mchuzi mwepesi. Tofauti iko kwenye nyama, kwenye supu nyama imechemshwa mpaka imeachia, huku nyama imeokwa kavu halafu ikakatwa nyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili.

Mi nipo Los Angeles, nimefanya kazi ya jikoni miaka mingi, huku wanaiita French dip, yaani mchovyo wa Kifaransa, na Ufaransa hawaijui. Migahawa miwili ya mjini, Philippe's na Cole's, yote ilifunguliwa 1908 na yote imedai ndo ilianzisha. Wa Philippe's wanasimulia kwamba mwaka 1918 mkate ulimponyoka Philippe Mathieu mwenyewe ukaangukia kwenye treya yenye mchuzi wa nyama wa moto, mteja akasema lete hivyohivyo, kesho yake akarudi na wenzake. Wa Cole's walikuwa wanasema ni mteja mwenye fizi mbovu aliomba mkate ulainishwe. Mimi hiyo ya fizi ndo naiamini zaidi, jikoni vitu vingi vinaanzia kwa mteja msumbufu.

Sasa njia. Mla Makombo kosa lako kubwa ni moto. Paja halina mafuta, ukilipiga moto mkali linakamuka maji yote. Mimi naipaka chumvi na pilipili manga usiku, naiacha kwenye friji haijafunikwa. Kesho naichoma kikaangoni pande zote dakika mbili mbili ipate rangi, halafu oveni nyuzi 250, hizo ni kama 120 za Selsiasi. Natumia themomita, ile ya kuchoma ndani ya nyama, haizidi dola 15, wala usikae kuhesabu dakika maana kila paja na unene wake. Ikisoma 130 za Farenhaiti katikati natoa. Inakaa nusu saa juu ya ubao bila kuguswa, yenyewe inapanda tena kidogo. Ukikata mapema maji yote yanabaki kwenye ubao na wewe unabaki na karatasi.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba nyama ukiioka taratibu hivyo haidondoshi kitu cha maana kwenye treya. Unafungua oveni unakuta vijiko viwili vya maji. Kwahiyo mchuzi unautengeneza pembeni, na hapa ndo mzee wangu wa Morogoro anatuzidi wote. Nunua mifupa ya supu, ioke na vitunguu vilivyokatwa nusu mpaka vitunguu viwe vyeusi kwenye kingo, mimina maji, kwangua treya kwa mwiko, ile masizi ya kahawia iliyoganda chini ndo ladha yenyewe, weka kitunguu saumu, jani la bay, oregano kidogo, chemsha masaa matatu kwa moto wa kunung'unika. Chuja, weka friji, asubuhi mafuta yameganda juu unayabandua kama kifuniko. Chumvi weka MWISHO kabisa, ukiweka mwanzo halafu mchuzi ukapungua unapata maji ya bahari. Na usiweke unga wala konfulaa, unatakiwa uwe mwepesi kama chai, ukiwa mzito mkate haunyonyi.

Nyama iliyokatwa haichemshwi. Unaipitisha kwenye mchuzi wa moto kwa koleo, sekunde kumi, unatoa.

Mla Makombo

Jikoni Nyuma barikiwa mkuu. Kumbe chumvi nayo nilikosea mara mbili, maelekezo niliyofuata yalisema chumvi ya chembe kubwa, mimi nikapima kwa kijiko kilekile ile laini ya mezani. Juzi nimeweka zote kwenye mizani, kijiko cha laini kinakaribia uzito wa vijiko viwili vya ile kubwa.

Mama Wawili (Dar)

Habari zenu. Mimi sina oveni, nina jiko la mkaa na sufuria nzito ya urithi wa mama mkwe. Nilimwambia kijana wa bucha anipe steki ya paja bonge moja asikate, akaniuliza mara mbili mama una shughuli? Maana amezoea kukata na panga vipande vipande na mfupa ndani. Nikaikaanga pande zote, nikaweka vitunguu chini kama godoro, nyama juu, mfuniko, mkaa kidogo chini na mwingine nikapalia juu ya mfuniko kama napika mkate wa kumimina. Nikaacha kama saa moja na nusu. Imetoka imeiva yote, ya pinki hapana, lakini laini, na chini vile vitunguu vimetoa mchuzi wenyewe bila kuweka tone la maji.

Kilichoniaibisha ni mkate. Mara ya kwanza nilitumia mkate wa slesi, wageni wamekaa, nachovya hivi nainua nimebaki na kipande cha juu kidoleni, kingine kimezama kwenye bakuli. Uji. Mtoto wangu akasema mama tuletee vijiko. Siku hizi natumia boflo, tena la jana, nalipasua nalichoma juu ya makaa upande wa ndani likauke, ndo linavumilia. Hilo la kuchoma ndani msilipuuze, linaweka kama ukoko ambao mchuzi unachelewa kuupenya.

Mto Rusizi (Bujumbura)

Sisi mkate mrefu wa Kifaransa upo kila kona asubuhi, kwa upande huo hatuna shida. Shida ni kwamba ukiwa wa saa hiyohiyo ganda linakuwa gumu, linachana paa la mdomo, na nyama yote inachomokea nyuma ukiuma. Ufunge kwenye kitambaa kibichi dakika chache, au subiri jioni.

Wa Umoja (Nairobi)

Mimi niko Nairobi watu wangu, na kisu changu ni kile cha kukata sukuma. Kukata nyembamba ilinishinda kabisa, nilikuwa natoa vipande kama vya choma. Dawa ni friza. Nyama ikipoa iweke kwa friza kama dakika 45 ishikane bila kuganda, hapo ata kisu mbaya inapita. Na uangalie nyuzi za nyama zinaenda wapi, ukate kukatiza, usizifuate. Nilikata mara ya kwanza nikizifuata, wueh, tulitafuna hadi taya ikauma, jirani akauliza kama hii ni ng'ombe ama kamba.

Pia wale wa Chicago wanaweka ile achari yao, giardiniera, karoti na koliflawa na seleri na pilipili kwenye siki na mafuta. Hapa sikuipata kwa bei ya binadamu. Nilikata karoti, koliflawa na pilipili ndogo ndogo nikaziweka chumvi usiku mmoja, nikamwaga maji, nikaweka siki na mafuta, siku tatu kwa friji. Iko sawa tu. Bila kitu kichachu hiyo sandwichi inachosha katikati, hiyo ni maoni yangu.

Mama Kwaya (Minnesota)

Mimi nitasema la mume wangu. Nilipika kama alivyosema kaka wa California, nyama ikatoka pinki nzuri, nikampangia kwenye sahani. Akasema hii damu mimi sili, peleka ikaive. Nikamwelezea ile siyo damu, damu inamwagwa machinjioni, ile ni protini ya kwenye msuli inayoipa nyama rangi. Akanijibu vizuri sana, hata ikiwa protini ikaive. Serikali ya huku yenyewe inashauri nyama nzima ya ng'ombe ifike 145 za Farenhaiti halafu ipumzike angalau dakika tatu, kwahiyo wenye wasiwasi simameni hapo, bado haikauki sana mkiikata nyembamba.

Mimi siku hizi nimeachana na paja. Nanunua nyama ya bega, ile yenye mafuta katikati, naweka kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole saa mbili usiku, na vitunguu, kitunguu saumu, soya sosi kidogo na vikombe vitatu vya supu, asubuhi saa kumi na moja nikiamka kusali nyumba nzima inanukia. Inachambuka kwa uma. Haikatwi nyembamba, Los Angeles watanicheka, lakini kanisani tulilisha watu arobaini na hakuna aliyeuliza kuhusu pinki. Mchuzi tuliweka kwenye vikombe vya karatasi kila mtu na chake, maana bakuli moja la kuchovya watu wote, hapana, wengine wanachovya mara mbili.

Jikoni Nyuma (California)

Mama Kwaya sicheki, ya bega ndo inayosamehe. Ila usiite French dip mbele ya bosi wangu.

Mla Makombo (Illinois)

Mrejesho wakuu. Jumapili nimerudia. Chumvi usiku, moto 250, themomita nimeinunua, nikatoa kwenye 135 kama maelewano kati ya California na mume wa Mama Kwaya. Imechukua karibu masaa mawili. Friza dakika 45 kama alivyosema wa Umoja, nimekata mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Mchuzi wa mifupa, chumvi mwisho. Mkate nimenunua bolilyo kwenye duka la Wamexico, ganda kavu ndani laini, nimechoma ndani kama Mama Wawili.

Wife amekula miwili. Hajasema neno safari hii pia, ila mayai yamebaki kwenye friji.

Nimekwama sehemu moja bado. Nataka nibebe kazini, mapumziko yetu ni saa nane usiku na maikrowevu iko moja kwa watu sitini. Nyama nikiipasha mle inageuka kijivu.

Mama Kwaya (Minnesota)

Baba, usiipashe nyama. Mchuzi uchemshe kabisa kabla hujatoka, utie kwenye chupa ya chai. Nyama na mkate beba kwenye kikontena mbalimbali na kipande cha barafu. Saa nane mwaga mchuzi kwenye kikombe, zamisha nyama kwa uma. Na hiyo chupa usiirudishe kwenye chai tena, nakwambia kwa uzoefu.