Naomba ushauri: haki ya afya iandikwe vipi kwenye sera ili iwe na meno?

Wakuu, habari zenu. Niko kwenye timu inayoandika rasimu ya sera ya afya ya shirika letu. Wenzangu wanataka haki ya afya itajwe karibu kila ukurasa. Sipingi, ila hatusemi popote nani anadaiwa nini.

Msingi wa kisheria upo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ya 1946 inaitambua, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 unaieleza katika kifungu cha 12. Maoni ya Jumla Namba 14 ya mwaka 2000, yaani ufafanuzi wa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo, yakaweka vigezo: huduma ziwepo, zifikike, zikubalike na ziwe na ubora. Kinachonisumbua ni kifungu cha 2 cha mkataba huohuo, kinachoruhusu utekelezaji wa hatua kwa hatua kulingana na rasilimali zilizopo. Hapo ndipo wengi hujificha. (Wafadhili nao! Utangulizi umejaa haki, viashiria vinahesabu vyandarua tu.)

Maoni hayo yanataja pia wajibu wa chini kabisa usiosubiri bajeti, kama kutobagua na kutoa dawa muhimu. Nafikiria tuanzie hapo, tuongeze na utaratibu wa malalamiko.

Aliyewahi kufanya hivyo, mliandikaje? Na kwa kuwa wenye wajibu hasa ni serikali, shirika lisilo la kiserikali lijifunge kwa kiasi gani?