MREJESHO: Ile filamu ya jicho na wembe tumeicheki

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama niwawekee washkaji Un Chien Andalou, ile filamu fupi ya ndotondoto ya mwongozaji Buñuel na mchoraji Dalí ya 1929, mkasema niwaonye kuhusu jicho linalokatwa na wembe, wasitafute stori, na tusiangalie tukiwa tunakula. Mawili nimefuata, la tatu nikapuuza, chipsi mayai zikawa mezani. Wembe ulipopita tu mmoja akasukuma sahani, namwambia ni jicho la ndama lakini wapi, akatoka nje kabisa. Waliobaki punda wafu juu ya piano waliwavunja mbavu, halafu wale sisimizi kwenye kiganja wakazua ubishi wa masaa mawili kwa filamu ya dakika kama 20 hivi. Asanteni sana, aliyetoka bado kaninunia.