Presha ya dizeli kushuka kwenye lori la zamani: fidi pampu ya asili, pampu ya umeme, au zote mbili?

Mwenye Lori (mwanzisha mada)

Ndugu mafundi na madereva wenzangu, naomba mnisaidie kulinganisha njia tatu kabla sijanunua spea yoyote. Lori langu lina injini ya silinda sita isiyo na kompyuta, injekta pampu ya mstari (inayopeleka dizeli kwenye silinda kwa presha kubwa), na fidi pampu ya pistoni (inayoivuta dizeli kutoka tangini na kuilisha injekta pampu) inayosukumwa na kamshafti. Asubuhi stata huzunguka muda mrefu kabla injini haijawaka, na likipanda mlima na mzigo hupoteza nguvu taratibu. Nikipunguza mwendo kwa dakika moja, nguvu hurejea. Nimefunga geji ya presha baada ya filta. Injini ikinguruma bila kukanyagwa inasoma bar 1.1, kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka hadi 0.7, na mlimani imewahi kugusa 0.3, ilhali kitabu cha injini kinataka presha ipande pamoja na mizunguko hadi kati ya bar 1.7 na 2.0. Filta ni mpya.

Njia ya kwanza ninayoifikiria ni kufunga fidi pampu mpya ya aina ileile. Ya pili ni kuiondoa kabisa na kuweka pampu ya umeme kwenye chesisi. Ya tatu ni kuiacha ya zamani mahali pake na kuisaidia kwa ya umeme karibu na tangi. Ipi ina mantiki zaidi?

Fundi Pampu

Ndugu, tarakimu zako ni nzuri kwa sababu zinaonyesha mwelekeo: presha inashuka pale injini inapodai mafuta mengi. Hiyo inaweza kuwa pampu iliyochoka, lakini inaweza vilevile kuwa pampu nzima inayonyimwa mafuta, na ukiwa na tatizo hilo la pili, njia zako zote tatu zitakugharimu bila kuliponya. Geji iliyo baada ya filta haiwezi kukutofautishia hayo mawili.

Fanya hivi. Chomoa hosi inayoingia kwenye fidi pampu, kisha uilishe pampu kutoka kwenye galoni safi la dizeli iliyochujwa, ukiliweka juu kidogo ya pampu na kutumia hosi fupi yenye upana uleule. Toa upepo, washa, na urudie vipimo vyako kwenye mizunguko ileile. Presha ikirudi, pampu yako haina kosa kubwa na ugonjwa uko kati yake na tangi. Isipobadilika, endelea kuishuku pampu au valvu ya marejeo, ile inayorudisha dizeli ya ziada tangini.

Kabla ya hapo, shika ile pampu ya mkono iliyo juu ya fidi pampu. Ukiivuta ikawa kama inarudishwa ndani kwa nguvu, upande wa kuvuta umeziba. Ikiwa laini, haina uzito wowote hata baada ya kusukumwa mara nyingi, basi inavuta hewa, au valvu zake ndogo za ndani zimeshikwa na uchafu.

Kuhusu stata ya asubuhi, zingatia kwamba upande wa kuvuta hufanya kazi katika ombwe. Hosi yenye ufa hapo haidondoshi dizeli chini, inaingiza hewa. Ndiyo maana mtu hukagua chini ya gari, akakuta pakavu, akaamini hakuna tatizo, na usiku mafuta yakarudi tangini polepole kupitia ufa huohuo. Weka kipande cha hosi ya plastiki angavu kabla ya fidi pampu, utaona mapovu kwa macho yako. Nimeshikilia jambo hili kwa urefu kwa sababu nimeona pampu nyingi nzima zikitupwa.

Umeme wa Gari

Nakubaliana na Fundi kuhusu kupima kwanza, ila naomba njia ya pili isihukumiwe haraka. Pampu ya umeme ina faida mbili za kweli: inajaza mfumo kabla stata haijazungushwa, na ikifungwa chini karibu na tangi inasukuma mafuta badala ya kuyavuta umbali mrefu, hivyo ufa mdogo wa hosi hujitokeza kama uvujaji unaoonekana. Pampu nyingi za aina hii husukuma vizuri kuliko zinavyovuta, kwa hiyo anayeifunga juu karibu na injini anaipoteza faida yenyewe.

Masharti yake hayapunguziki. Iwe na rilei na fyuzi yake, na iwe na swichi ya presha ya oili inayokata umeme injini inapozimika, kwa kuwa ajali ikikata paipu, pampu isiyo na swichi itaendelea kumwaga dizeli barabarani. Chagua pampu kwa presha na kwa ujazo wa lita kwa saa pia, kwani pampu inayofikisha presha njia ikiwa imefungwa inaweza kushindwa kabisa mafuta yanapotembea. Kisha pima volti kwenye nyaya za pampu yenyewe injini ikiwa inafanya kazi; zikiwa pungufu ya betri kwa zaidi ya nusu volti, shughulikia waya na ethi kwanza.

Dereva wa Masafa

Njia ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Niliwahi kuisaidia fidi pampu ya diaframu kwa pampu ya umeme, nayo diaframu ilikuwa imepasuka bila mimi kujua. Dizeli ilisukumwa moja kwa moja ndani ya oili ya injini. Niligundua kwa kuvuta kijiti cha oili na kukuta kiwango kimepanda na oili imekuwa nyepesi yenye harufu ya dizeli; beringi zilikuwa zimeanza kuumia. Anayekwenda na umeme aiondoe ya zamani na azibe tundu lake kwa bamba na gasketi.

Mwenye VP44

Naongeza tahadhari moja kwa wasomaji wenye injini nyingine: msichukue tarakimu hizi mkazipeleka kwenye gari lolote. Mimi nina Dodge Ram yenye Cummins ya lita 5.9 na valvu 24, inayotumia injekta pampu ya Bosch VP44, na kwake mafuta yanayoletwa na pampu ya kuvuta kutoka tangini ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Wengi wetu tunataka presha hiyo isishuke chini ya psi 10 (psi ni kipimo kingine cha presha) kwa kawaida, na kamwe isivuke psi 5 kwenda chini ikiwa na mzigo. Kwa injini ya mwanzisha mada, psi 10, yaani karibu bar 0.7, ni dalili ya ugonjwa. Kwangu ni kiwango kinachovumilika. Pampu za mzunguko za aina ya VE nazo hazitaki kusukumiwa presha kubwa, kwa kuwa presha ya ndani ndiyo inayopanga wakati wa kuingiza dizeli kwenye silinda, na sili ya shafti inaweza kuachia.

Mwenye Lori

Nimerudi na majibu, na ninawashukuru. Pampu ya mkono ilivutwa ndani kama Fundi alivyoeleza, na mapovu yalionekana kwenye hosi angavu. Nilipolisha kutoka kwenye galoni, presha ilikuwa bar 1.2 bila kukanyaga na 1.5 kwenye mizunguko 2,500. Nilifungua njia yote hadi tangini. Chujio la bomba la kuvutia lilikuwa limefunikwa na kutu iliyobanduka, na hosi fupi iliyo juu ya tangi ilikuwa nzima kwa nje lakini tabaka lake la ndani limeachana na kuning'inia kama kizibo. Tangi limesafishwa, hosi zote za upande wa kuvuta ni mpya, na washa za shaba hazikurudishwa za zamani. Lori linawaka asubuhi mara moja. Lakini bado 1.5 haifiki 1.7.

Fundi Pampu

Hiyo iliyobaki naishuku valvu ya marejeo. Springi yake ikilegea, mafuta hurudi tangini mapema na presha haijengeki. Minya hosi ya marejeo kwa sekunde chache tu huku ukitazama geji. Ikiruka juu kwa kasi, pampu ina nguvu na valvu ndiyo yenye kosa; ikipanda kwa shida, ndipo urudi kwenye njia yako ya kwanza.

Mwenye Lori

Imeruka hadi zaidi ya bar 2.2 na nikaachia mara moja. Fidi pampu ya asili inabaki. Valvu nimeshaiagiza, na ikifika nitapima kwenye mizunguko ileile, kisha kwenye mlima uleule na mzigo uleule, niandike hapa ile 0.3 imekuwa ngapi.