Ukuta wa matumbawe unatoa chumvi: chokaa, saruji, marumaru au rangi ya mafuta? (nyumba ya zamani, Bagamoyo)

Mjukuu_wa_Dunda

Asalaam aleikum, habari zenu wote. Naomba ushauri kabla sijampa fundi yeyote pesa.

Nyumba ni ya marehemu bibi, huku Dunda, ndani ya mji mkongwe wa Bagamoyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, na dari ni ya boriti za mikoko. Mama anataka kuhamia chumba cha chini kwa sababu magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi. Sasa chumba hicho ukuta wake wa upande wa barabarani umeharibika kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi inavimba na kubanduka, unga mweupe unatoka, na ukigonga lipu unasikia kabisa kwamba imeachana na ukuta. Nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi. Lipu iliyopo ni ya saruji, ilipigwa juu ya ile ya zamani ya chokaa.

Kila fundi ana lake. Wa kwanza anataka kubandua yote na kupiga saruji upya, ikichanganywa na dawa ya kuzuia maji. Wa pili anasema marumaru hadi kifuani. Wa tatu anasema tukwangue, tupake puti, tumalize na rangi ya mafuta, na Mama anaweza kulala humo wiki hiyohiyo. Jirani yetu mtu mzima anasisitiza nirudishe chokaa, lakini mafundi wote watatu wanasema chokaa ni ya banda la kuku.

Mama kifua chake hubana kukiwa na unyevu, kwa hiyo sitaki kufanya kazi ya kuonekana tu. Kaskazi ndiyo inavuma sasa, na ningependa kumaliza kabla masika hayajaingia mwezi wa Machi. Nipate lipi?

Bi_Raskazone

Waaleikum salaam mdogo wangu, poleni sana wewe na Mama. Marumaru usiyaguse. Nyumba yetu hapa Tanga nayo ni ya mawe, tukabandika marumaru sebuleni mpaka usawa wa dirisha. Yalipendeza kweli, na kila mgeni alisifu. Ile mvua kubwa ilipokwisha, unyevu ulijitokeza juu ya marumaru, mahali ambapo hapo awali palikuwa pakavu kabisa. Maji hayakuondoka, yalipanda tu kutafuta pa kutokea. Baadaye marumaru yenyewe yakaanza kuachia, na kila moja likitoka linabandua na kipande cha jiwe.

Rangi ya mafuta ni hivyohivyo, tena inaharibika upesi zaidi. Itavimba kama andazi.

FundiMwashi_Pwani

Dada, mimi nimefanya kazi za ujenzi Kibaha, Bagamoyo mpaka Msata, na nitasema wazi kwamba saruji yenye dawa ya kuzuia maji inafanya kazi ikipigwa vizuri. Tatizo ni mafundi wanaopiga lipu kwa mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi inaingia ukutani siku ileile ya kwanza. Tumia mchanga wa mto, mwagilia lipu yako wiki nzima, utaona.

Chokaa ina udhaifu wake. Ni laini, kabati likigonga linachimba. Inachelewa kukomaa. Na fundi wa kuijua leo utamtafuta sana, vijana wengi hawajawahi kuishika. Sisemi haifai, nasema gharama ya ufundi iweke kwenye hesabu zako.

Mzee_wa_Kaole

Mwanangu, huyo jirani yako msikilize. Na fundi hapo juu namheshimu, maneno yake kuhusu mchanga ni ya kweli, ila anazungumzia ukuta mwingine. Ukuta wa tofali za saruji uliojengwa juu ya msingi wenye nailoni au lami ya kuzuia unyevu, huo saruji ni ndugu yake. Nyumba ya bibi yako haina nailoni chini. Mawe yamekaa moja kwa moja ardhini, na jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ndani yake daima. Wazee waliojenga walilijua hilo. Hawakuyazuia maji, waliyaachia njia. Lipu ya chokaa ina matundu madogo, unyevu unapita, unafika usoni pa ukuta, upepo wa bahari unauchukua.

Ukiziba uso kwa saruji, unyevu unabaki ndani. Nao haupandi peke yake, umebeba chumvi. Maji yakikauka nyuma ya lipu, chumvi inaganda, inavimba, inasukuma. Ndio huo unga mweupe na huko kuachana kwa lipu unakokusikia ukigonga. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, basi ikitoka inaondoka na jiwe. Chokaa ni laini, ndio, na ulaini huo ndio kazi yake: chumvi inaila chokaa badala ya kula jiwe. Baada ya miaka unakwangua sehemu iliyochoka, unapiga tena, ukuta wako mzima.

Nenda Kaole, ni mwendo wa kilomita tano tu kutoka kwenu. Msikiti mkongwe pale ni wa karne ya 13, na kuta zimesimama kwa chokaa hadi leo bila paa. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kimeanza 1966. Nyumba ya bibi yako ilikuwa imekwisha kunyeshewa na masika mengi kabla ya hapo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyekutajia, nalo linanitia wasiwasi kuliko ukungu. Ncha za boriti zimeingia ndani ya ukuta. Ukuta ukikaa na maji, ncha zinaoza mahali usipopaona. Panda ngazi, chukua bisibisi, choma kila boriti pale inapoingilia ukutani. Ikizama kwa urahisi, Mama asilale humo kwanza.

Shangani_ZNZ

Mzee kamaliza. Naongeza la kwanza kabisa la kufanya, kabla ya kuchagua lipu yoyote: tafuteni maji yanatoka wapi. Si kila unyevu unatoka ardhini. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, uache mpaka kesho yake au keshokutwa. Ukikuta matone upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukikuta upande wa chumbani, ni hewa ya chumba yenyewe, na dawa yake ni dirisha kufunguliwa na kabati kusogezwa mbali na ukuta.

Halafu toka nje. Angalia ardhi ya barabarani iko juu kuliko sakafu ya ndani? Kwenye miji yetu hii mikongwe barabara inajazwa kifusi kila ikitengenezwa, baraza inamwagwa zege jipya juu ya la zamani, mwishowe sakafu ya nyumba inakuwa chini ya barabara na maji yote yanaelekea ndani. Angalia gata, angalia karo la jirani, angalia bomba. Huku Unguja nimeona nyumba imepigwa lipu mara kadhaa kumbe ni bomba la juu linavuja ndani ya ukuta taratibu.

Mpangaji_Ngamiani

Naomba kudandia hapahapa. Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba hataki kugusa lipu. Ukungu nyuma ya kitanda nifanyeje?

Bi_Raskazone

@Mpangaji_Ngamiani sogeza kitanda na kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, usianike nguo chumbani, fungua madirisha mawili yanayotazamana mchana. Ukungu ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ukiwa umefunga pua na mdomo, usiufagie mkavu ukaupeperusha. Mwenye nyumba akikubali kupaka chokaa tu, paka. Ukungu hauipendi chokaa mbichi.

Mjukuu_wa_Dunda

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote kwa moyo wenu. Nimefanya mliyoniambia. Nailoni ilikuwa na matone upande wa ukutani. Boriti ni ngumu zote isipokuwa moja ya pembeni, bisibisi imezama. Na nje, wallahi, baraza ipo juu ya sakafu yetu kwa zaidi ya shubiri. Mama anakumbuka iliinuliwa wakati barabara inatengenezwa.

Naelekea kwenye chokaa. Lakini nikienda dukani nanunua ipi? Na kazi yenyewe inakwendaje, ili fundi asinizungushe?

Mzee_wa_Kaole

Marahaba mwanangu. Hiyo boriti ya pembeni itegemezwe nguzo leo, usingoje fundi. Baraza ndiyo mchawi wako. Ikatwe ukutani, uchimbwe mtaro mwembamba kando ya ukuta ujazwe kokoto, wenye mteremko wa kutoa maji nje. Bila hivyo hata chokaa itachoka mapema.

Nyumba zetu zimo katika eneo la urithi, basi kabla ya kugusa upande wa nje pita kwa watu wa Idara ya Mambo ya Kale, wanaolinda majengo ya zamani, uwaeleze. Hawapingi chokaa, na mara nyingine wao ndio wanaojua fundi yupi bado anaiweza.

Dukani angalia sana. Ile ya shambani ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halijachomwa, haishiki kamwe. Unataka chokaa ya ujenzi, iliyochomwa na kuzimwa, mifuko mipya isiyopigwa na hewa, maana chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na mfuko uliokaa wazi umeshakomaa bila kazi. Iloweke kwenye pipa, iwe kama uji mzito, ifunikwe na maji kidogo juu. Wiki moja ni bora kuliko siku moja, mwezi ni bora zaidi. Ukipata ile isiyozimwa kutoka tanurini, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na ikiingia jichoni inapofusha. Watoto wawe mbali kabisa.

Shangani_ZNZ

Hatua za kazi tunavyofanya sisi huku Mji Mkongwe: bandua saruji yote mpaka kwenye jiwe, nayo ibanduliwe polepole kwa patasi, si kwa nyundo kubwa. Panda juu kidogo kupita alama ya unyevu. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Ukuta wa nusu mita haukauki kwa siku, ni miezi. Chumvi inayotoka ifagie kwa brashi kavu, uizoe, uitupe nje. Usiioshe kwa maji, itayeyuka irudi ndani.

Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliochekechwa, wenye punje ndogo na kubwa pamoja. Tabaka nyembamba, unene wa sentimita moja au chini yake, kila tabaka lishike kabla ya linalofuata. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza. Tundika magunia mabichi mbele yake siku za mwanzo, kwa sababu upepo wa kaskazi ukiikausha haraka itapasuka. Mwisho chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Fundi akitaka kutia jipsam "ipendeze", mkatalie. Jipsam hunywa maji na kuoza.

FundiMwashi_Pwani

Nimesoma yote na Mzee nimemwelewa. Kwa ukuta usio na nailoni chini, nakubali saruji si yake. Ila dada, kwa maelezo haya ya kukauka, usimwahidi Mama kabla ya masika. Bandueni sasa kaskazi ikaushe, mtaro na baraza vimalizwe kabla ya mvua ya kwanza, boriti ibadilishwe. Lipu ipigwe masika yakishapita. Na usipige sehemu ya juu iliyo nzima, iache na chokaa yake ya zamani, utaokoa pesa nyingi.

Mchanga nitakuonyesha wa kuaminika. Ukiupata, tia kiganja kimoja kwenye chupa ya maji safi, tikisa, acha utulie. Maji yakibaki na tope jingi, uoshwe. Usitegemee kuuonja ulimi tu kujua chumvi.

Mjukuu_wa_Dunda

Nashukuru kaka, hapo umenipunguzia mzigo. Mama nimemweleza, amekubali kulala sebuleni kwa shangazi Magomeni mpaka lipu ikomae, mradi kifua kisimsumbue. Nguzo ya boriti imesimama tangu jana. Jumatatu naenda Mambo ya Kale kuhusu baraza.

Swali la mwisho: mapipa ya kuloweka chokaa nianze sasa, ingawa lipu ni baada ya masika?

Mzee_wa_Kaole

Anza sasa. Yafunike vizuri, maji yasikauke juu, na yakae kivulini. Kufikia mwezi wa sita itakuwa laini kama samli, na mwiko wa fundi utakushukuru. Mama mpe salamu zangu.