Naomba ushauri: kutafuta kaburi la babu aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la mwingereza Afrika Mashariki), Burma

Wakuu habari zenu. Babu mzaa baba alichukuliwa KAR enzi za mwingereza, akapelekwa Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana bonde la Kabaw 1944 na hakurudi, sasa shangazi amezeeka anataka ajue baba yake alilala wapi.

Nimeingia kwenye tovuti ya CWGC, hawa wanaotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kutafuta ni bure ila majina ndo balaa, karani aliandika alivyosikia na askari wengi wana jina moja tu bila ubini. Wapo waliozikwa Taukkyan karibu na Yangon, na wasiojulikana kaburi majina yamechongwa kwenye nguzo hapohapo. Wengine wako kwenye mnara wa Nairobi.

Namba yake ya jeshi hatuna, makaratasi yalishaliwa na mchwa. Je, nikiwaandikia CWGC na jina la kijiji na kabila watasaidia, au nianzie nyaraka za jeshi Uingereza? Aliyewahi kufuatilia anielekeze, hata inbox.