Arusha: Anayetangaza ukandarasi bila usajili wa CRB aadhibiwe kwa tangazo lenyewe, tusisubiri ukuta upasuke

Wakuu, nawasalimu. Nina hasira na uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu walio katika hatari ni wengi, hasa nyinyi mnaojenga kutoka mbali na kutafuta mjenzi kwa simu.

Toka Mianzini nenda Sakina, ingia Njiro, panda Moshono, kisha shuka Kwa Mrombo mpaka Muriet. Nguzo za umeme zimebandikwa karatasi, kuta zimeandikwa kwa rangi, na Noah zinapita na stika kioo cha nyuma: "Tunajenga, tunapaua, tunakukabidhi funguo." Tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa Olmoti, kila mwenye kiwanja anataka apatimenti za kupangisha, na matangazo haya yameongezeka maradufu. Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ndiyo usiseme. Ni matangazo machache mno yanayoonyesha namba ya usajili wa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Mama yangu mdogo ni muuguzi mstaafu. Ametumikia wagonjwa maisha yake yote, mafao yakatoka, akasema anajenga nyumba ya kuishi na vyumba vya kupangisha pembeni ili asimsumbue mtu uzeeni. Tangazo lilimfikia kwenye kundi la kikoba chake. Picha ya nyumba nzuri, bati za msauzi, pevingi, geti jeusi. Juu wameandika "Kampuni ya Ujenzi", chini yake "Imesajiliwa kisheria", ikifuatiwa na namba ndefu.

Naomba msome hapa kwa makini, maana najua kuna watu watakuja kusema wazee hawaulizi. Aliuliza. Kabla ya kutoa hata shilingi aliwaandikia: mna usajili? Wakamtumia picha za vyeti vitatu ndani ya dakika chache: cheti cha BRELA, cheti cha TIN na leseni ya biashara ya halmashauri. Vyote ni halali, na ile namba ndefu ya kwenye tangazo ilikuwa ya BRELA.

Sasa hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachompa mtu haki ya kuwa mkandarasi. BRELA inasajili jina au kampuni. Haiendi kuangalia kama una mhandisi, fundi sanifu au hata kichanganyio cha zege. TIN ni ya kodi. Mkandarasi anasajiliwa na CRB chini ya Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Sura ya 235, sheria ya mwaka 1997, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hizo. Anayesajiliwa anapewa aina yake: majengo, barabara na madaraja, umeme, mitambo au kazi maalumu. Anapewa pia daraja, na kwa wa majengo yako saba, la kwanza mpaka la saba, kila moja na ukomo wa thamani ya kazi anayoruhusiwa kuchukua. Ndiyo maana kwenye saiti halali unakuta kibao kinachotaja mkandarasi ni nani na mshauri ni nani. Muuguzi mstaafu atayajuaje haya yote, ikiwa aliyeandika "imesajiliwa kisheria" amemwekea cheti chenye nembo ya serikali mbele ya macho?

Akalipa awamu ya kwanza, milioni kumi na nane. Msingi ukatoka, jamvi likamwagwa, kuta zikapanda, lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) ikafungwa. Halafu ikaja mvua. Kiwanja kipo upande wenye udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukuta wa sebuleni ukafungua ufa kuanzia kona ya dirisha kwenda juu, unaingiza kidole.

Tulimleta mhandisi aliyesajiliwa, tukamlipa, akaomba sehemu ya lenta ivunjwe kidogo tuangalie ndani. Nilikuwa nimesimama pale. Mchoro ulisema nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vinavyozizunguka na kuzishika nondo) kila baada ya sentimita 20. Tuliyoyakuta: nondo za milimita 10, tatu, na ringi moja mpaka nyingine ukipima kwa futi kamba inakaribia sentimita 45. Zege lenyewe lilikuwa linapukutika mkononi kama keki ya juzi, kokoto zinadondoka zikiwa safi bila simenti iliyozishika. Kwa uwiano wa kawaida wa 1:2:4, yaani simenti, mchanga na kokoto, zege halifanyi hivyo. Mhandisi hakusema maneno mengi, alisema lenta yote ishushwe na kozi za juu yake, na msingi uchimbuliwe sehemu ya mbele aone kama ulifika kwenye udongo mgumu. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye matofali yaliyobaki. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwa hiyo nianze upya?"

Simu za kampuni zikawa hazipokelewi. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa ni suala la madai, mna mkataba, nendeni mahakamani. Tuna mkataba kweli, wa kurasa mbili. Lakini kinachonifanya niandike usiku huu ni kwamba tangazo bado lipo. Picha ni ileile na maneno ni yaleyale, wamebadilisha namba ya simu tu na kuongeza "ofa ya mwisho wa mwaka". Mtu mwingine anaingia wakati sisi tunatafuta nauli ya wakili.

Kwa nini anayejitangaza kuwa mkandarasi wakati si mkandarasi aachwe mpaka amwage zege bovu ndipo tuanze kuulizana? Kosa lilikamilika siku alipobandika tangazo. Pale ndipo pesa za watu zinapoondoka. Yanayofuata, ufa, kesi, bomoabomoa, ni matokeo tu, na wakati huo mwenye nyumba ndiye anayebeba gharama zote za kuthibitisha.

Angalieni upande wa umeme. Ukitaka TANESCO wakuunganishie, fomu yako lazima igongwe muhuri na mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mtu anaweza kujitangaza atakavyo, lakini mlango wa mwisho upo na unafungwa. Kwa nyumba ya kawaida ya mtaani mlango huo hauonekani. Unalipia kibali cha ujenzi, ramani inapitishwa, halafu anayekuja kusimamisha kuta ni yeyote aliyekuwa na bando la kupandisha picha.

Na msiniambie haiwezekani kuadhibu tangazo. Binamu yangu anaishi California, Marekani, anafanya kazi za kuweka vigae, na yeye ndiye aliyenifungua macho, nikaenda kusoma mwenyewe. Kule bodi yao ya leseni za makandarasi, CSLB, haisubiri nyumba ianguke. Kifungu cha 7027.1 cha sheria zao za biashara na taaluma kinasema kutangaza kazi za ujenzi bila leseni ya aina hiyo ya kazi ni kosa la jinai, faini isiyopungua dola 700 na isiyozidi dola 1,000. Ni kwa tangazo tu, hata kama hujagusa tofali. Na tangazo ni pamoja na kadi unayompa mtu, kibao, maandishi kwenye gari, gazeti, mpaka matangazo ya kielektroniki. Kufanya kazi yenyewe bila leseni ni kosa lingine na adhabu yake ni kubwa zaidi: kwa kosa la kwanza faini inafika dola 5,000 na kifungo mpaka miezi sita.

Mwenye leseni naye anabanwa. Lazima namba yake ya leseni ionekane kwenye kila tangazo na kila mkataba, kwa hiyo mwananchi anaichukua ile namba na kuikagua kwenye tovuti kabla hajafungua pochi. Namba ya simu inayotumika kwenye tangazo la asiye na leseni inaweza kuamriwa ikatwe. Na maafisa wao huwa wanayasoma matangazo, wanapiga namba, wanajifanya wenye nyumba wanaotaka ukarabati, jamaa anakuja kutoa bei, anashikwa hapohapo. Zaidi ya hayo, aliyefanya kazi bila leseni hawezi kumshtaki mteja kudai malipo, na mteja anaweza kumdai arudishe alicholipwa. Fikirieni mama mdogo angekuwa na kifungu hicho mkononi leo.

Sisemi tunakili sheria za Marekani. Lakini hapa kwetu tunavyo vya kuanzia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ipo kwa kazi hiyo. CRB ina ofisi ya kanda hapahapa Arusha, na namba zinazotangazwa zipo hadharani, zinaita. Afisa mmoja mwenye simu na bando la wiki anaweza kupata orodha ya watu wa kuwatembelea bila kutoka ofisini. Halmashauri nazo zinatoza ushuru wa mabango. Anayelipia bango la "kampuni ya ujenzi" aombwe cheti cha CRB palepale dirishani, kabla hajapewa risiti. Na CRB itamke kwa sauti kwamba tangazo lolote la ukandarasi lisilo na namba ya usajili na daraja ni kosa, kisha iwafikishe wachache mahakamani tuone majina yao. Elimu kwa umma peke yake imeshindwa. Semina zimefanyika, vipeperushi vimegawiwa, na tarehe 29 Machi 2013 ghorofa liliporomoka Dar es Salaam likaua zaidi ya watu thelathini, Novemba 2024 tukalia tena Kariakoo. Yale yalikuwa maghorofa na yana habari zake. Nyumba za chini za mitaani hazina kamera, zinapasuka kimyakimya na wenye nazo wanaziba ufa kwa pati na kupaka rangi.

Kingine kinachoniumiza ni makandarasi wadogo waliosajiliwa. Hapa Arusha na Moshi kuna vijana wa daraja la saba wanaolipa ada CRB kila mwaka, wanalipa mtaalamu wao, wanalipa kodi, wanatoa makadirio ya kweli. Wanashindwa bei na mtu ambaye hana gharama hata moja kati ya hizo na anayepunguza nondo. Kila tangazo la uongo linaloachwa linamwondolea kazi mtu aliyefuata sheria.

NAONGEZA, baada ya kusoma michango ya mwanzo:

Kuna mkuu ameuliza kama nataka mafundi wa mtaani wafungwe. Hapana kabisa. Fundi unayemwita kwa jina, unanunua simenti na nondo mwenyewe, unamlipa kwa siku au kwa kipande, huyo hajidai kuwa kampuni wala hachukui milioni zako kwa ahadi ya funguo. Hata huko California kazi ndogo zimeachwa: tangu Januari 2025 kazi isiyofika dola 1,000, isiyohitaji kibali wala kuajiri wasaidizi, haihitaji leseni, ila anayeitangaza lazima aseme wazi kwenye tangazo kwamba hana leseni. Hilo tu. Sema ukweli kuhusu wewe ni nani, mteja aamue.

Mwingine ameandika "kamata kwa tangazo, utaua ajira za vijana". Ndugu yangu, mama mdogo aliwalipa vijana wale. Aliwapikia chai na maandazi kila asubuhi saiti. Vibarua wenyewe wanaidai ile kampuni hadi leo, wawili walinifuata wakaniomba niwasaidie kumpata bosi wao.

Kwa mnaotaka kujenga sasa hivi: ukitumiwa cheti, soma kimetolewa na nani. Kama hakijatoka CRB, hakimpi mtu haki ya kuwa mkandarasi. Kikiwa cha CRB, ingia kwenye tovuti yao, tafuta jina la kampuni, angalia aina na daraja, na angalia kama usajili bado uko hai, maana unaweza kufutwa au kusimamishwa. Usitegemee picha ya WhatsApp.

Na kwa mliokwisha kupigwa: msifute mazungumzo. Pigeni skrinishoti ya tangazo likiwa bado liko hewani, tarehe na namba ya simu zionekane, maana wakisikia mnalalamika wanalifuta. Hapa jukwaani msiweke majina ya watu wala namba, peleka kunakohusika.

Barua yetu kwenda CRB imeshaandikwa, nakala inakwenda FCC, na tumeambatanisha tangazo la kwanza, tangazo jipya lenye ofa, vyeti vitatu walivyotuma, mkataba, miamala ya benki na ripoti ya mhandisi. Tunaomba washtakiwe kwa kujitangaza, si kwa ufa peke yake. Kama kuna aliyewahi kufungua lalamiko la namba hii ofisi ya kanda ya kaskazini, naomba aniambie walitaka vielelezo gani vingine na ilichukua muda gani mpaka akaitwa, ili tusirudishwe.